Parokia yetu ya ACK huku Kisauni: pesa zijenge ukumbi au zilete maji?

Mwana_Kisauni (mwenye uzi)

Wadau wa Pwani, hamjambo. Leo nimekuja na kesi ya kanisa, lakini nataka kuwasikia hata wasio Waanglikana, na mtaona kwa nini.

Parokia yetu ya ACK, yaani Kanisa la Anglikana la Kenya, iko Kisauni ndani, mbali kidogo na barabara kuu. Jina silitaji, maana nusu ya baraza la kanisa mko humu mmejificha nyuma ya majina ya ajabu ajabu. Tumechanga muda mrefu kwa ajili ya ukumbi. Wanaume wa chama cha KAMA wamechanga, akina mama wa Mothers' Union (MU) wamechanga kuwashinda (kama kawaida), vijana wa chama cha KAYO wameuza maandazi na kuosha magari. Ramani imeshapigwa muhuri. Pesa zilizoko benki zinatosha kuanza, hazitoshi kumaliza.

Kwenye kikao kilichopita mzee mmoja akasimama, akasema ukumbi tuuweke kando, tuchimbe kisima kiwanjani, tuinue tangi, mifereji tuitoe nje ya ukuta ielekee njiani, mtaa wote uchote. Kikao kikagawanyika papo hapo. Hali ya maji huku mnaijua. Mfereji wa nyumbani unaweza kukaa wiki bila kutoa tone, na ukitoa ni saa nane za usiku. Mwenye mkokoteni wa kuuza maji ndiye anayetupangia siku ya kufua.

Waliopinga kisima walikuwa na hoja mbili. Ya kwanza: kazi ya kanisa ni Injili, maji ni kazi ya kaunti. Ya pili ilisemwa kwa sauti ya chini, nayo ndiyo iliyotikisa watu: majirani zetu wengi ni Waislamu, hawatakuja kuchota kanisani, kwa hiyo tutakuwa tumewachimbia wenye mikokoteni tu.

Mimi naegemea maji. Nipingeni.

Mama_Tausi

Bwana asifiwe. Nitakupinga mwanangu, tena bila haya.

Nyinyi wanaume mkitaja ukumbi mnaona harusi. Sisi wa MU tunaona msiba. Mtu anayefiwa huku kwetu mara nyingi yuko chumba kimoja cha kupanga, mlango unatazamana na choo cha ploti. Watu wanakuja kila jioni kukaa naye na kuchanga pesa za jeneza na gari la kupeleka mwili Taita, Ukambani au Nyanza. Wanakaa wapi? Njiani, kwenye viti vya kukodi, chini ya hema la kukodi, mwenye nyumba kanuna. Mvua ya Mei ikishuka, mkutano umevunjika na daftari la michango limelowa. Ukijumlisha tulizolipia mahema na viti misiba yote hiyo, ungepata ukuta wa ukumbi na madirisha yake.

Hapo sijawataja watoto wa Sunday school wanaosoma chini ya mwarobaini huku kunguru wakiwadondoshea uchafu kichwani. Wala mafunzo ya wanaojiandaa kuwekewa mikono, ambayo mwaka jana yalifanyiwa kwenye veranda ya kasisi, mkewe akipita katikati yao na sufuria.

Maji ni muhimu, sikatai, mimi ndiye ninayeyabeba. Lakini msianze jambo la pili la kwanza likiwa halijasimama. Hapa Pwani nimeona misingi mingi ya makanisa iliyoota nyasi.

Mkereketwa_Mvita

Ukumbi, kisima, zote zitaliwa. Mwiteni mheshimiwa, alete bahasha, awapigie hotuba ya dakika arobaini, mjenge vyote viwili. Ndiyo Kenya hiyo.

Mwana_Kisauni

> Mwiteni mheshimiwa

Umechelewa, bwana. Tangu Septemba 2021, Askofu Mkuu Ole Sapit alipowanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia kule Butere, mheshimiwa akija kwetu anakaa kwenye benchi, anasikiliza mahubiri, anatia sadaka kapuni kama sisi. Siku yenyewe ilikuwa ya kumweka wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya ACK. (Kabla hamjanirukia: Emily Onyango wa Bondo alimtangulia katika uaskofu mapema mwaka huohuo, lakini yeye aliwekwa kuwa askofu msaidizi.) Harambee zetu zimepungua uzito tangu hapo. Lakini pia hakuna anayekuja baadaye kutudai kura.

Bwana_Kengele

Hiyo hoja ya kwamba Injili ni ya kanisa na maji ni ya kaunti imenichekesha. Anayeisema anapita Kengeleni kila siku kwa matatu na hajawahi kuitazama kengele ya misheni ya kale iliyopapa mahali hapo jina.

Turudi nyuma kidogo. Krapf, mmisionari Mjerumani wa chama cha Kianglikana cha CMS, alipofika Mombasa mwaka 1844 hakuwa na jengo lolote. Julai mwaka huohuo homa ikamwua mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, wakazikwa huku bara, upande wetu huu wa Nyali. Mwenzake Rebmann akaja 1846, wakafungua kituo Rabai. Akakaa huko mpaka 1875, akaondoka kipofu, na waliobatizwa miaka yote hiyo walikuwa wachache mno. Ukipima kwa mabenchi yaliyojaa, Rabai ya mwanzo ilikuwa hasara tupu.

Kilichogeuza mambo ni watu waliokosa pa kuishi. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kuzuia usafirishaji wa watumwa baharini. Manowari za Waingereza zikawa zinakamata majahazi, na waliokombolewa hawana kwao pa kurudi. CMS wakanunua ardhi hapa ng'ambo ya kisiwa, kasisi William Salter Price akasimamia, na mwaka 1875 kukawa na kijiji cha Frere Town, kwa jina la Bartle Frere, yule mjumbe wa Uingereza aliyetumwa Unguja kuutafuta mkataba huo. Sasa niambieni, misheni hiyo ilikuwa nini? Ilikuwa mashamba, nyumba, shule, karakana. Watu walifundishwa kusoma na kuchonga mbao, wakagawiwa mahali pa kulima. Ibada ilikuwapo asubuhi na jioni, lakini ilikuwa ibada ya watu waliokwisha kupata pa kulala.

Na waliofanya kazi kubwa hawakuwa Wazungu peke yao. Walikuwapo wale walioitwa Wabombei: Waafrika waliokombolewa wakiwa watoto, wakapelekwa India, wakasomeshwa Nasik, kisha wakarudi Pwani wakiwa walimu na mafundi. Wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, Askofu Hannington aliwaweka ushemasi mwaka 1885. Miezi michache baadaye Hannington aliuawa Busoga, na huyo Jones ndiye aliyewarudisha pwani waliosalia wa msafara.

Kuna kisa cha Rabai ninachokipenda zaidi. Watoro, yaani watumwa waliotoroka mashamba ya watu wa Pwani, walikuwa wakikimbilia misheni. Walipozidi, wenye mali wakaja juu. Yalikuwa karibu kuwa mapigano. Mwishoni mwa 1888 ikabidi kampuni ya Waingereza ya IBEA iwalipe hao mabwana fidia, na Januari 1889 watoro zaidi ya elfu moja wakapewa vyeti vya uhuru. Wamisionari wengine hawakuwataka kabisa hao watoro, waliona ni balaa la kisheria. Wakristo weusi wa Rabai ndio waliokuwa wakiwapokea usiku.

Sitaki mtu aje kuniambia kwamba palikuwa peponi. Frere Town walikuwapo wasimamizi waliowachapa viboko watu walewale ambao misheni ilijisifu kwamba imewakomboa, na malalamiko yakafika kwa wakubwa wao. Wazee wangu wametoka humo, nasema ninalolijua. Lakini kama mnatafuta mila ya kanisa la Mombasa, ni hiyo: mtu anafika na shida, kwanza anapewa pa kuweka mzigo.

Kuhusu ukumbi sina neno. Mama Tausi amesema kweli.

Mdawida_wa_Bombolulu

Bwana Kengele ukianza hatulali 😂 Lakini endelea.

Nami niseme kitu. Huo ukumbi mkijenga, komiti itaanza kukodisha Jumamosi kwa harusi za watu wa mbali, na akina mama wakifiwa wataambiwa umeshalipiwa. Nimeliona hilo kanisa fulani kisiwani. Mfiwa alipewa bei.

Shee_wa_Kuze

Asalaam aleikum jamaa. Mimi si wa kanisa. Hiyo hoja ya sauti ya chini ndiyo iliyoniingiza humu.

Eti Muislamu hatachota maji kanisani. Nani kawaambia, mmemuuliza nani? Tumefundishwa kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Kisima cha Ruma pale Madina kilikuwa cha Myahudi, Waislamu wakinunua maji kwake, mpaka Sayyidna Uthman alipokinunua akakitoa bure kwa watu wote. Hayo ni mambo tunayosoma chuoni tukiwa watoto. Na hapa Mji wa Kale misikiti ilijengwa na visima vyake. Kuna kile kilicho mkabala na Msikiti wa Mandhry, wageni hupiga picha wakadhani ni pambo. Mimi nimekulia Kuze, na shida ya maji ikiingia, kisima cha msikiti hakimuulizi mtu dini. Hamali wa Kikamba anachota, mama ntilie anachota.

Kitakachowafukuza watu kwenu si msalaba ulioko juu ya paa. Nitawaambia kitakachowafukuza. Mkiweka spika ya mahubiri ielekee foleni, au mkimpa mtu mtungi pamoja na karatasi ya kumwita kuokoka, hapo maji yamekuwa chambo, na mtaa utajua siku ya kwanza. Mkiweka mfereji ndani ya geti, mke wangu hataingia, si kwa chuki, ni kwa stara na maneno ya watu. Uwekeni nje ya ukuta, pawe na taa ya usiku.

Jambo jingine. Sisi tuna wakfu. Mtu akishatoa kitu wakfu, hakiuzwi wala hakirithiwi, na ipo hata Kamisheni ya Wakfu hapa mjini. Sisemi sisi ni malaika, kesi za mali za wakfu zilizoliwa zipo tele. Lakini nyinyi mna nini cha kufanana na hicho? Maana kasisi wenu huhamishwa. Huyu wa leo atatoa maji bure, na wa kesho je?

Mama_Tausi

Shee, hilo la kasisi kuhamishwa umepiga penyewe.

Fundi_wa_Visima

Nachimba na kukarabati visima Kisauni, Nyali na Mtwapa, kwa hiyo niwapunguzie ndoto kidogo.

Huku pwani tunachimba kwenye mwamba wa matumbawe. Maji matamu ya mvua huwa yamekaa juu ya maji ya bahari, chini kwa chini, kwa sababu ni mepesi kuliko ya chumvi. Ukivuta kwa upole utapata maji yanayofaa. Ukiweka pampu kubwa ukavuta mtaa mzima mchana kutwa, chumvi inapanda, na ikishapanda haishuki haraka. Ndiyo maana jirani zenu wengi wana visima lakini bado wananunua mitungi ya kunywa. Maji ya chumvi wanayatumia chooni na kudeki.

La pili ni vyoo. Kisauni imejaa vyoo vya shimo na mashimo ya maji machafu, ploti kwa ploti. Mwamba huu una matundu, unapitisha. Msithubutu kumpa mtu maji ya kunywa kabla hayajapimwa maabara, chumvi na vijidudu vyote viwili. Kipindupindu kikitokea kwenye kisima cha kanisa, ukumbi wala kisima hamtavisikia tena.

La tatu ni karatasi. Mtahitaji mtaalamu wa kupima maji ya ardhini, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na cha NEMA, wale wa mazingira. Fundi atakayewaambia "tuchimbe tu usiku" mkimbieni.

Ipo mashine ya kuchuja chumvi, ndiyo. Inakula umeme, vichujio vyake ni vya kubadilisha kila mara, na inamwaga maji makali ya chumvi ambayo lazima muwe na pa kuyapeleka. Hapo bure haiwezekani, lazima muuze mtungi kwa bei fulani.

Ningekuwa mimi, ningeanza na paa. Kanisa lenu lina ukubwa gani?

Mwana_Kisauni

Kama mita 20 kwa 12. Mabati.

Fundi_wa_Visima

Basi hesabu ni nyepesi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mna mita za mraba 240. Mombasa hupata milimita 1,000 na ushee kwa mwaka, tuseme 1,000. Toa sehemu moja kwa tano inayopotea kwa kumwagika na kuosha paa. Mnabaki na lita 192,000, yaani mitungi 9,600 ya lita 20. Leo yote hiyo inamwagika kwenye njia ya jirani na kumtilia matope mlangoni.

Isiwalevye lakini. Familia 50 zikichota mitungi mitatu kila siku, maji ya mwaka yanakwisha kwa siku 64. Na mvua hainyeshi kwa ratiba yenu: masika inajaza, Mei ndiyo kubwa, vuli inaongeza kidogo, halafu Januari na Februari ni vumbi. Kwa hiyo paa peke yake halitoshi. Ila ni maji matamu, gharama yake ni magata ya kukinga maji ya paa, mabomba na birika la kujengwa la kuyahifadhi, na hayahitaji kumwomba mtu kibali cha kuchimba. Mkiunganisha na mfereji wa kampuni ya maji, siku unapotoa usiku birika linajaa, mchana watu wanachota. Shida ya huku si kwamba maji hayaji kabisa, ni kwamba yanakuja watu wamelala na hawana pa kuyaweka.

Mkereketwa_Mvita

Na kwa nini yanakuja usiku? Kwa sababu Mombasa haina maji yake. Yanatoka Mzima huko Tsavo, Baricho huko Kilifi, Marere na Tiwi huko Kwale. Bomba la Mzima ni la mkoloni, miaka ya hamsini. Mji umekua, bomba ni lilelile. Kanisa lingetumia sauti yake kudai hilo, badala ya kuchimba kajishimo kake nyuma ya ukuta na kuiachia serikali ipumue.

Msomaji_Likoni

Ndugu Mkereketwa, mara hii umenena, nami ni msomaji wa kanisa, yaani mlei mwenye ruhusa ya kuhubiri, nimehubiri hivyo zaidi ya mara moja.

Waanglikana duniani wana alama tano za utume, zilianza kuandikwa 1984 na ya tano ikaongezwa 1990. Kuhubiri Injili ni ya kwanza. Kufundisha na kubatiza ni ya pili. Ya tatu ni kuitikia shida za watu kwa upendo, ya nne ni kubadilisha mifumo isiyo ya haki, ya tano kuutunza uumbaji. Mzee aliyesema maji ni ya kaunti amesoma mbili akafunga kitabu. Mkereketwa yeye ameanzia ya nne. Ya tatu na ya nne hazigombani. Mtu akishapata maji ya leo ndipo anapata nguvu ya kwenda kuuliza bomba liko wapi.

Sasa nizungumze mambo ya ofisi, maana humo ndimo miradi hufia. Kiwanja si mali ya parokia. Hati ziko kwa wadhamini wa kanisa, si kwa mwenyekiti wenu, na dayosisi lazima iridhie kabla hamjachimba, hamjajenga, hamjabomoa. Hilo watu huliona usumbufu. Mimi naliona ndilo jibu la Shee: kasisi wa kesho hawezi kuamka akauza birika. Lakini bei ya maji, saa za kufungua na nani achote, hayo dayosisi haitawaandikia. Andikeni wenyewe, yapitishwe kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa washirika, yaingie kwenye kumbukumbu. Anayekuja akitaka kuyabadilisha arudi kwenye mkutano huohuo, asimame mbele ya watu.

Na kwenye komiti ya maji muwe na watu wa mtaa wasio wa kanisa. Si kwa heshima tu. Wawe na kura.

Mdawida_wa_Bombolulu

Kura? Watu wa nje wapige kura juu ya pesa za sadaka?

Msomaji_Likoni

Juu ya maji, si juu ya sadaka. Daftari mbili tofauti. Mkizichanganya mmekwisha.

Baharia_Kilindini

Niko bandarini. Hapa tuna kituo cha Mission to Seafarers, chama cha Kianglikana kilichoanzishwa Uingereza 1856. Anayeingia pale ni baharia Mfilipino Mkatoliki, Mhindi wa Kihindu, Mmisri Muislamu. Anataka intaneti apigie mke wake simu, anataka mtu wa kumsaidia meli ikigoma kumlipa mshahara. Hakuna anayeulizwa amebatizwa wapi. Kapela ipo, anayetaka anaingia. Sijaona Uanglikana umepungua kwa sababu hiyo.

Kijana_KAYO

Wazee wangu shikamooni. Mbona vijana hatuulizwi? Sisi ndio tulioosha magari.

Ukumbi tunautaka, lakini si ule wa kwenye ramani. Ule una jukwaa, ofisi mbili na chumba cha wageni mashuhuri. Sisi tunataka banda pana lenye sakafu ngumu na paa, pembeni wazi. Watoto wa Brigade ya kanisa wapige gwaride humo mvua ikinyesha, jioni watoto wa darasa la nane na kidato cha nne wapate pa kusomea penye taa. Wengi nyumbani hakuna meza. Vijana wenzetu wanaopotelea kwenye unga wa kulevya huko maskani hawakuanza kwa ubaya, walianza kwa kukosa pa kukaa jioni.

Na banda likiwa na paa, fundi, si ni mita za mraba nyingine hizo?

Fundi_wa_Visima

Kijana ana akili. Ndiyo. Banda la 15 kwa 10 linakuongezea 150. Na birika ukilichimba chini ya sakafu ya banda unaokoa nafasi.

Mama_Tausi

Darasa la nane lilishaondolewa, mwanangu, siku hizi ni gredi ya tisa. Lakini nimekuelewa.

Banda lililo wazi pembeni linafaa kwa msiba. Tena ni bora kuliko ukumbi wa kufungwa, joto la Mombasa mnalijua. Sharti langu ni moja, nalo liandikwe kama alivyosema msomaji: mfiwa wa mtaa huu halipi, awe wa kanisa au asiwe wa kanisa. Harusi zilipe.

Niwakumbushe na jambo ambalo nyinyi wa hoja ya sauti ya chini mmelisahau. Mwaka 2020, Aprili, Mombasa ilipofungwa na makanisa yamefungwa, wanaume hawana vibarua, feri imekatazwa jioni, sisi wa MU tulizunguka na unga na maharagwe. Orodha ya nyumba zenye njaa tuliipata wapi? Kwa mzee wa mtaa, na kwa imamu. Yeye alikuwa na majina tusiyokuwa nayo, sisi tulikuwa na majina asiyokuwa nayo, tukazilinganisha ili nyumba moja isipate mara mbili. Nilipeleka unga nyumba za Waislamu na mikono yangu hii, nimevaa sare. Hakuna aliyenirudisha mlangoni. Ilikuwa Ramadhani, wakaniambia njoo futari.

Kwa hiyo mtu asiseme hawatakuja kuchota. Wameshatulisha.

Shee_wa_Kuze

Mama, Mungu akuweke.

Mkereketwa_Mvita

Sawa, nimelainika nusu. Nusu nyingine inasubiri hesabu zibandikwe ubaoni kila mwezi.

Mwana_Kisauni

Wadau, nimerudi baada ya kikao. Niliuchapisha uzi huu wote nikampa kasisi. Aliusoma, akacheka pale pa chumba cha wageni mashuhuri, kwa sababu wazo hilo lilikuwa la mtu aliyekaa meza moja naye.

Yaliyoamuliwa ni haya. Kisima hakichimbwi sasa. Tunamlipa mtaalamu apime maji ya ardhini, na kwa kuwa jirani ana kisima cha zamani, tunapeleka maji yake maabara kwanza tujue tunaingia wapi. Magata ya kanisa yanafungwa kabla ya masika, na birika la kwanza linajengwa kwa pesa zilizopo. Ramani ya ukumbi inarudi kwa mchoraji, iwe banda. Mzee wa "maji ni ya kaunti" alipiga kura ya kupinga, akaomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba amepinga, halafu akajitolea saruji mifuko kumi. Sijamwelewa mpaka leo.

Komiti ya maji ina watu saba, watatu si wa kanisa. Imamu amekataa kuingia mwenyewe, amesema ana komiti za kutosha kumzeesha, lakini amemtoa mwalimu wa madrasa, mtu makini. Barua ya dayosisi imeshaandikwa.

Kuna kipengele kimoja kimekwama, nakileta hapa. Wengine wanataka mfereji ufungwe Jumapili wakati wa ibada, kelele za mitungi na foleni ziko karibu na madirisha.

Shee_wa_Kuze

Kisima cha msikiti hakifungwi saa ya swala. Anayechota anachota, anayeswali anaswali. Ila nawaelewa kuhusu kelele, mitungi ya plastiki ina makelele.

Fundi_wa_Visima

Sogezeni mfereji pembe ya pili ya ukuta, upande wa mwarobaini. Ni bomba la mita chache zaidi. Mnabishana juu ya kitu cha kununua dukani.

Mwana_Kisauni

Upande huo ndipo watoto wa Sunday school wanaposoma mpaka banda lisimame.

Mama_Tausi

Watoto watahamia kanisani baada ya ibada ya kwanza ya Kiingereza, ile inatoka mapema. Nitaongea na mwalimu wao. Mfereji ukae hapo, ubaki wazi. Na zamu ya Jumapili MU tutaishika sisi, wawili wawili, lakini KAMA washike ya Jumamosi, na nataka majina yao yawe yamebandikwa mlangoni kabla ya magata kufungwa.